Baba Wawili, Reli Moja

Harufu ya maziwa ya unga yakichemka kwenye pipa bado inanifuata mpaka leo. Shule ya kampuni hapa Kolwezi ilikuwa na jiko nyuma ya madarasa, na kila asubuhi, kabla ya saa nne, moshi wa kuni na mvuke wa maziwa vilipita madirishani, nasi tukaacha kusikiliza hesabu. Mama wa jikoni alikoroga kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Maziwa yaliposhika chini kidogo yalitoa harufu ya kuungua, na sisi watoto tuliipenda hiyo kuliko utamu wenyewe. Kila mtoto alikuja na kikombe chake cha bati. Changu kilikuwa cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni, na chini yake mtu alikuwa amechora kwa msumari namba ya kazi ya baba, maana bila ile namba hupewi maziwa. Shida ni kwamba namba ile haikuwa ya baba yangu.

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona sokoni. Babu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, akazaa watoto wake hapa, lakini baba hakupata kampuni. Kolwezi ya siku zile, mtu asiye na kampuni alikuwa mtu wa kusimama nje ya kila lango: lango la hospitali, lango la shule, lango la ghala ya unga. Mdogo wake, Baba Mdogo Gaston, ndiye aliyepata. Alitunza ghala ya kampuni moja ya usafirishaji, iliyopeleka unga, saruji na vipuri kwa treni. Nilipokuwa na miaka mitano nilishikwa na malaria ikapanda kichwani. Hospitali ya kampuni ilipokea tu watoto walioandikwa kwenye fiche, ile karatasi ya familia ya mfanyakazi. Baba Mdogo alikuwa bado hajazaa. Alikwenda mbio ofisini akaniandikisha: Véronique, binti, wa kwanza. Jina la ukoo ni moja, hakuna aliyeuliza. Siku ile ile nikapewa kitanda na dawa, nikapona. Mama yangu, ambaye hakunywa maji bila kufanya ishara ya msalaba, aliiita ile karatasi neema. Ninaeleza hivi ili mtu asifikiri tulikuwa wezi. Katika kambi ile ya wafanyakazi hapakuwa na fiche isiyokuwa na mtoto wa dada au wa kaka ndani yake, na mtu aliyekataa kuandika wa ndugu yake ndiye aliyesemwa vibaya.

Pamoja na hospitali ikaja shule. Nyumba yetu ilikuwa upande wa cité, mitaa ya watu wasio na kampuni, shule ilikuwa upande wa kambi, na katikati ilipita reli. Mama alinifundisha kwa maneno machache, akinisuka nywele. "Ukivuka reli, baba yako ni Gaston. Ukirudia, ukivuka tena, baba yako ni huyu wa nyumba." Nililishika jambo hilo kwa bidii yote ya mtoto. Kila asubuhi nilisimama juu ya ubao wa reli, ule mweusi unaonuka mafuta, nikavuta pumzi, nikaruka upande wa pili nikiwa binti wa Gaston. Mchana nilifanya vile vile kurudi. Kama treni ya mizigo ilikuwa inapita, nilingoja kando ya njia nikihesabu mabehewa, na wakati ule wa kungoja nilijiona sina baba kabisa. Mwalimu akiniuliza habari za nyumbani nilimpa habari za nyumba ya Gaston. Sikuwahi kukosea hata siku moja, nami nilijivunia hilo.

Nilikuwa na miaka kumi karatasi ilipobandikwa kwenye valve, ule ubao wa matangazo penye lango la kampuni. Mvua zilikuwa zimekwisha, baridi ya asubuhi imeanza, na vumbi jekundu lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya sombe, majani ya muhogo tuliyonunua. Tulipotoka shule tuliona wanaume wamejazana langoni saa ambayo walipaswa kuwa kazini. Karatasi ilisema makao makuu ya kampuni yanahamia Kananga, mkoa mwingine, siku tatu nzima kwa treni kama treni imependa. Anayefuata atie sahihi. Asiyefuata arudishe ufunguo wa nyumba, kazi yake imekwisha. Nilijipenyeza mpaka kwa Baba Mdogo nikamshika suruali. Karibu naye alisimama Tata Mbuyi, fundi wa magari, mtu aliyeweza kuchekesha hata kwenye matanga.

"Tata Gaston, furahi," Tata Mbuyi akasema. "Kila siku unatuambiaka kwetu Kasai, kwetu Kasai. Sasa banakurudisha bure."

"Kwetu ni kule baba alitoka," Baba Mdogo akajibu. "Mi nilizaliwa ku hospitali ya hapa hapa. Kule Kananga nitauliza hata njia ya choo."

Wanaume wakacheka, lakini kicheko kilikwisha upesi, kila mmoja akarudi kuisoma karatasi kana kwamba maneno yangebadilika. Baba Mdogo alitia sahihi siku ya tatu. Alikuwa na mke, Mama Odette, na sasa watoto wawili wadogo. Angefanya nini tena? Sisi tulihuzunika, mama akaanza kumkaushia samaki wa safari. Hakuna aliyekumbuka fiche.

Halafu ikabandikwa karatasi ya pili. Mkuu wa wafanyakazi, mtu mwembamba mwenye miwani ambaye wote walimwita Chef tu, alikuwa amechoka na zile fiche zilizonenepa. Aliandika kwamba siku ya safari ataita kila familia jina kwa jina mbele ya behewa, na kwamba Kananga atahesabu tena. Kila mtoto aliyeandikwa lazima apande. Akikosekana hata mmoja, fiche ni ya uongo, na mwenye fiche atabaki Kolwezi bila kazi. Kambi nzima ilishikwa na wasiwasi. Watu waliofanya kazi miaka ishirini walionekana wakizunguka mitaani kutafuta wapwa waliokuwa wameshaoa. Tata Mbuyi alikuwa na watoto tisa kwenye karatasi na wanne nyumbani. Alipita mlangoni kwetu, akavua kofia.

"Mama Vero, jambo. Nikopeshe batoto batano tu. Nitabarudisha ku Tenke, dada yangu atangojea pale ku stesheni. Ya Kananga tutaona kule."

"Kopesha mbuzi, tata," mama akasema. "Mutoto habamukopeshaki." Lakini uso wake ulikuwa umekwisha kubadilika. Alikuwa ameelewa kwamba mtoto wake tayari alikuwa amekopeshwa, tangu miaka mitano.

Jumapili, baada ya misa, Baba Mdogo na Mama Odette walikuja kwetu. Mimi nilikuwa uani nikichambua sombe, mlango wazi, nikasikia yote. Baba alikaa mbele ya cherehani yake, maana hakujua kukaa mahali pengine.

"Yaya," Baba Mdogo akamwambia kaka yake, "sina njia ingine. Unipatie Vero. Mwaka moja tu. Likizo atarudia."

Baba alikanyaga cherehani polepole, haina uzi wala kitambaa. "Weye njo ulimuokoa huyu mutoto," akasema mwishoni. "Niseme nini?"

"Atalala wapi?" mama akauliza. "Atalala na nani kule?"

"Atalala na miye, mama," Mama Odette akasema. "Juu ya nini? Kwangu ni mu pori?"

"Sisemi vile."

"Njo vile unasema."

Mama akainuka. "Acheni niombe." Hakuna aliyeniita kuniuliza mimi, na kusema kweli nisingejua kujibu. Nilimpenda Baba Mdogo. Alikuwa na desturi ya kunigusa paji la uso kila tulipokutana, kuhakikisha halina moto, tangu ule ugonjwa. Nilijua kwamba nisipokwenda, yeye atapoteza kazi, na nyumba, na shule ya watoto wake. Nilijua pia kwamba nikienda, kile kitanda ninacholala na wadogo zangu kitabaki na nafasi yangu. Nikaendelea kuchambua sombe mpaka vidole vikawa vya kijani.

Mama alifunga wiki nzima, akila bukari, ugali wetu, mara moja tu jioni. Kikundi cha sala cha mtaa wetu kilikuja na rozari, na yeye hakuwaambia anaomba nini. Ijumaa akashusha sanduku kutoka juu ya kabati. Baba alinishonea nguo mbili za kitambaa kizuri, moja ya maua ya manjano, na mama alipozikunja akazigeuza kuangalia kazi. Alishika pindo la chini. Baba alikuwa ameacha pindo nene, la kufumua na kuteremsha kadiri ninavyokua. Mama akalipima kwa vidole, akamwangalia baba, baba akaangalia dirisha. Kwa mwaka mmoja mtu haachi pindo la vidole vitano. Akazikunja, akazitia sandukuni, akaweka rozari yake juu.

Siku ya safari stesheni ilikuwa imejaa kama siku ya soko. Magodoro, mbabula, yale majiko ya makaa, zilizofungwa kamba, kuku ndani ya vikapu, picha za arusi zimefunikwa mashuka. Wazee waliozaliwa hapa waliaga wazee wenzao kama watu wanaokwenda kuzikwa. Treni ilikuwa ndefu kuliko jukwaa, na behewa letu lilikuwa mbali, kule ambako jukwaa limekwisha na watu wanasimama juu ya mawe ya reli. Vitu vya Baba Mdogo vilikuwa vimepakiwa tangu alfajiri. Mama alikuja kama shangazi. Walikuwa wamepatana hivyo: asimame nyuma na wanaoaga, asinishike mkono, na kama lazima alie, alie kama shangazi. Baba hakuja. Alisema ana suruali ya kumaliza.

Familia ya Tata Mbuyi iliitwa mbele yetu. Alikuwa amewapanga watoto tisa kwa urefu, wale wanne wake wamenyamaza na watano wa kuazima wanachekacheka.

"Bote beko?" Chef akauliza.

"Bote, Chef. Na Mungu akipenda bataongezeka kule."

Hata Chef aliuma midomo asicheke. Wakapanda. Halafu akafungua fiche ya Gaston na kusoma jina langu la kwanza kabisa. Nikasogea. Aliniangalia bila ubaya wowote, kama mtu aliyebakiza familia thelathini za kuita.

"Weye njo mukubwa? Baba yako ni nani, maman?" akaniuliza, kwa neno tunalowaitia hata wasichana wadogo.

Jibu nililijua. Nilikuwa nimelisema miaka mitano bila kukosea. Nikafungua kinywa, nikaangalia chini, na nikaona nimesimama juu ya ubao mweusi wa njia ya pili, reli moja kushoto kwangu, reli moja kulia. Harufu ya mafuta ikanipanda puani. Siku zote jibu lilitoka miguuni kwangu: upande huu ni Gaston, upande ule ni baba wa nyumba. Hapa katikati sikuwa na mtu. Nilisogeza mguu mmoja, nikaurudisha. Leo mtu anaweza kucheka, lakini mimi sikuwa najificha wala sikuwa na ujanja. Nilikuwa nangoja kuvuka ndipo nijue.

"Maman, baba yako?" Chef akainua macho.

"Eko na haya, Chef," Baba Mdogo akasema, akacheka kidogo. Mkono wake ulikuja kwenye paji la uso wangu, ule ule mkono wa kupima homa.

"Ni wa kwangu," mama akasema nyuma yetu.

Hakupaza sauti. Alikuwa amepita katikati ya watu na kufika kwenye mawe. "Ni mutoto yangu, miye na bwana yangu. Huyu ni baba mudogo yake. Alimuandika juu alikuwa anakufa."

Chef alivua miwani yake, akaifuta taratibu. Mimi nafikiri, na nimefikiri mara nyingi, kwamba alimpa nafasi. "Mama, unajua ile unasema?"

"Najua, tata."

"Hata nikisema sikusikia, hawa bote balisikia." Akapiga mstari juu ya fiche, mstari mmoja mrefu, kwa kalamu nyekundu. "Tata Gaston, uteremushe bitu."

Lakini vitu vilikuwa chini ya magodoro ya familia nne nyingine, na treni ilikuwa imekwisha kupiga honi. Mama Odette alibaki juu ya mawe na mtoto mdogo mgongoni na sufuria moja mkononi. Kitanda, cherehani ndogo aliyopewa siku ya arusi, nguo za watoto, samaki aliokausha mama, vyote vilikwenda Kananga bila wenyewe. Ufunguo wa nyumba yao ulikuwa umekwisha kurudishwa. Tulitembea wote kurudi cité, tukavuka reli pamoja. Baba alituona tukiingia, akaacha suruali yake chini ya sindano.

Walikaa kwetu mwaka na zaidi, watu kumi ndani ya vyumba viwili. Baba Mdogo hakumtukana mama hata mara moja. Kila asubuhi alimsalimu, "Jambo, mama," kwa heshima iliyokuwa nzito kubeba kuliko tusi. Mama Odette aliwasha mbabula yake mwenyewe uani, akapikia watoto wake pembeni, na mama hakumlaumu. Jumatatu ile ya kwanza nilichukua kikombe changu cha buluu kama kawaida. Mama alikitoa mkononi mwangu polepole, akakitumia kupimia unga. Ndivyo nilivyojua kwamba shule imekwisha.

Kitu kilichotuumiza kilichelewa kufika. Baada ya miezi, mlinzi mmoja wa treni alileta barua ya Tata Mbuyi. Watoto wa kuazima walishuka Tenke bila shida. Na Kananga, aliandika, hakuna aliyehesabu mtu. Makaratasi hayakufunguliwa hata siku moja. Baba aliisoma kwa sauti mpaka mwisho kwa sababu alikuwa ameshaanza, halafu akaikunja ndogo sana. Mama aliinuka akaenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Miaka michache baadaye ndugu zetu wengi wa asili ya Kasai walipanda treni hiyo hiyo bila kuulizwa kama wanataka. Hayo ni maumivu mengine, siyachanganyi na haya. Sisi tulibaki. Mimi niliuza mikate na mama, nikaolewa, nikazaa, na nilipokuwa na watoto wawili nikaanza masomo ya jioni kwenye darasa la parokia, nikikaa dawati moja na wasichana wenye umri wa kuwa wadogo zangu wa mwisho. Baba Mdogo wakati huo alikuwa anachimba madini kwa mikono kule Mutoshi, mtu wa mvi kati ya vijana waliotoka kila pembe ya Congo, mikono yake ya kuandika imekuwa kama gome. Nilipopata diploma alikuja na kopo la maziwa ya unga, akaliweka mezani mbele ya mama.

"Maziwa ya kampuni," akaniambia. "Ile ingine ulibakisha ku reli."

Wote tulicheka isipokuwa mama. Alitoka nje. Siku nyingi baadaye, alipokuwa mgonjwa wa kutoinuka, nilimuuliza kitu nilichokibeba tangu utoto: kama siku ile alisema kweli kwa ajili ya Mungu, au kwa sababu alishindwa kuniachilia, akaifunika kwa jina la Mungu. Ningependa angejibu haraka. Aliniangalia sana. "Sijue, mutoto yangu," akasema. "Nilikuwa ninaomba anifunge kinywa. Hakukifunga." Ninasali kila siku, nami sijapata jibu zuri kuliko hilo. Mtu mmoja alipoteza kila kitu ili mimi nibaki na mama yangu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa amenipa uhai wa kubaki nao.

Sasa nina kazi yangu, ninatunza makaratasi kwenye ofisi ya kampuni moja hapa Kolwezi, na wiki mbili zilizopita wamebandika tangazo. Makao makuu yanahamia Lubumbashi. Zamani tungesema ni mkoa wetu, siku hizi ni mkoa mwingine, na ingawa barabara ni ya saa chache tu, nyuma ya malori ya shaba, kwa mwenye nyumba ya kupanga na watoto shuleni ni mbali kama Kananga. Wametupa fiche za kujaza. Hazina vumbi, zimepigwa kwa mashine, lakini nilipoiona ile mistari yenye namba harufu ya maziwa ilinirudia palepale mezani. Watoto wa kuzaa tu ndio watakaopata shule na matibabu kule. Mimi nina wangu wanne, na nina Grâce, mtoto wa marehemu dada yangu, miaka kumi na moja, anayelala kwangu tangu alipokuwa akinyonya. Wenzangu wa ofisini wananiona mjinga. "Vero, muandike ni wako. Nani atajua?" Na ni kweli, hakuna atakayejua. Huyu si wa kuazima. Kila usiku wa homa yake ni mimi niliyekaa naye.

Nimejaza mistari minne. Chini yake, pale ambapo hakuna mstari, nimeandika kwa mkono: Grâce, mtoto wa dada yangu, anaishi kwangu, anakwenda ninakokwenda. Karatasi ilirudishwa mara moja na alama ya kuuliza. Nimeipeleka tena vilevile. Jumatatu wataita familia ofisini, na nikikataliwa, nitabaki naye hapa, nirudi kwenye mikate. Mume wangu anajua, tumekwisha kusali juu yake. Jana Grâce alikuwa anaosha vyombo, akaniuliza bila kugeuka.

"Bakiniuliza mama yangu ni nani, niseme nani?"

"Utasema jina ya ule alikuzaa," nikamwambia. "Kisha utasema jina yangu."

"Na kama kuko nafasi ya jina moja tu?"

"Weye utasema yote mbili. Nafasi, bo benyewe njo batatafuta."

Akafikiri kidogo, akasuuza kikombe, akakiweka kinywa chini juu ya meza kikauke.